Reli Iliyonyooka na Daraja la Kona Tisa: Umbo la Safari ya Siku Moja Shanghai

Safari ya siku moja kwa treni kwenda jiji kubwa hutungwa kuanzia mwisho. Tiketi ya kurudi ndiyo inayokatwa kwa uangalifu zaidi, na saa yake ikishajulikana, kila kilichobaki, tangu chai ya asubuhi hadi dakika za kusimama kando ya mto, hujipanga kwa kuifuata. Mwenye wiki mbili anaweza kuahirisha. Mwenye siku moja ameshaiandika tamati kabla hajagusa utangulizi. Ninapendekeza tuisome safari ya namna hiyo, ile ya kuondoka Nanjing asubuhi mapema kwenda Shanghai na kurejea usiku huohuo, kwa jicho lilelile tunalolitumia kusomea utungo wa arudhi: tukikubali kwamba ufinyu wa nafasi ni sheria ya umbo, kisha tuulize sheria hiyo imetumikaje, wapi imezaa uzuri na wapi imelemea.

Tuuite ukomo huo kikomo tangulizi. Kazi yake katika matini ni kukipa kila kipengele uzito wa aina mbili: uzito wa kipengele chenyewe, na uzito wa muda kinaoula kutoka kwa vipengele vinavyofuata. Nusu saa ya kunywa chai Shanghai hailinganishwi na chai nyingine yoyote. Inalinganishwa na nusu saa ya bustanini ambayo haitapatikana tena siku hiyo. Mshairi wa mizani kumi na sita anaijua hali hii vizuri, kwani neno refu alilolipenda mwanzoni mwa kipande atalilipia mwishoni mwake. Ndiyo maana siwaungi mkono wanaoidharau safari ya haraka kwa hoja kwamba haimpi mtu nafasi ya kulijua jiji. Hoja hiyo ni ya kweli, ila inaupima utungo mmoja kwa kanuni za utungo mwingine, na kwa kipimo hicho tungeyafuta mashairi yetu yote mafupi.

Matini inafunguka katika kituo cha Nanjing Kusini, kilichoanza kazi Juni 2011 pamoja na reli ya mwendokasi ya Beijing na Shanghai yenye urefu wa kilomita 1,318. Usanifu wa kituo hiki una uamuzi mmoja unaotaka kutazamwa kwa utulivu: abiria husubiri juu, na reli zimelazwa chini yake, nje ya upeo wa macho. Yule aliyezoea stesheni ambako treni huonekana ikiingia, ikisikika kwanza kwa mbali kisha ikijaza jukwaa, hapa ananyimwa onyesho hilo zima. Anapitisha begi kwenye mashine ya ukaguzi, anakaa katika ukumbi ambao paa lake liko juu sana, na anachopewa cha kutazama ni ubao wa taa wenye namba za treni na namba za mageti. Karatasi nayo imeondolewa. Kitambulisho au pasipoti ndiyo tiketi. Geti hufunguliwa takriban robo saa kabla ya treni kuondoka na hufungwa zikiwa zimebaki dakika chache, na kati ya nyakati hizo mbili umati mkubwa unashuka ngazi kwa mtiririko mmoja. Taharuki inajengwa bila kitu cha kuonwa. Mwandishi wa tamthilia angelihitaji pazia ili kupata athari hii. Msanifu ameipata kwa kuweka sakafu kati ya mtazamaji na kinachongojewa.

Ndani ya treni nidhamu ya umbo inabana zaidi. Viti vya daraja la pili vimepangwa vitatu upande mmoja na viwili upande wa pili, na herufi zake ni A, B, C, kisha D na F. Herufi E imerukwa, kwa desturi iliyotoka kwenye ndege, ili F iendelee kuwa alama ya dirishani na D alama ya njiani. Ninakipenda kipengele hiki kidogo kwa sababu ni udondoshaji wa wazi: pengo limeachwa mahali pake ili maana ya jirani zake isiyumbe. Anayekata tiketi kwa haraka na kupewa 7F anajua papo hapo, bila kuutazama mchoro wa behewa, kwamba siku yake itakuwa na dirisha.

Na dirisha hilo ndilo linalobeba sehemu ya kwanza ya matini. Kati ya Nanjing na Shanghai kuna kilomita zinazokaribia 300, na treni zisizosimama sana huzimaliza kwa saa moja na ushei. Tangu Septemba 2017 treni za Fuxing zimekuwa zikikimbia kilomita 350 kwa saa kwenye reli hii. Kwa mwendo huo mandhari inagawanyika katika tabaka tatu zenye nyakati tatu tofauti. Tabaka la karibu, la nguzo za umeme na kuta za kuzuia kelele, halisomeki kabisa. Ni mistari tu. Tabaka la kati, la mashamba ya mpunga, mabwawa ya samaki, mifereji na maghala ya viwanda, linasomeka neno mojamoja, kila picha ikiondoka pindi tu imetambulika. Tabaka la mbali, la majengo ya ghorofa na minara, linakwenda taratibu mno hata mtu anapata muda wa kulizoea. Msafiri hajifunzi hapa habari za vijiji vya Jiangsu. Anajifunza kusoma kwa tabaka, ustadi atakaouhitaji mchana kutwa, kwa sababu jiji analoliendea nalo litampa vitu vya kupitwa, vitu vya kudakwa na vitu vya kukaa navyo.

Jambo kubwa kuliko yote katika sehemu hii ni lile ambalo matini inalificha. Sehemu iliyo kubwa ya njia hiyo, tangu Danyang hadi Kunshan, haiko ardhini. Iko juu ya daraja moja lenye urefu wa kilomita 164.8, daraja refu kuliko yote duniani, lililokamilika 2010 na kuanza kutumika mwaka uliofuata. Wahandisi walikuwa na sababu za kutosha: udongo wa delta ya Yangtze ni laini na unatitia, mifereji na barabara zinakatizana kila mahali, na ardhi ya kulima ni adimu mno kulazwa chini ya tuta la reli. Karibu na Suzhou daraja hilo linakatiza ziwa Yangcheng kwa kilomita tisa hivi, na hapo tu, maji yanapojaa kioo chote, ndipo abiria anapoweza kushtuka kwamba hana ardhi chini yake. Kwingineko kote daraja limekataa kujionyesha. Halina minara, halina nyaya, halina upinde wa kutangaza kwamba hapa binadamu ameshinda kizuizi. Ni nguzo fupi zilizorudiwa kwa umbali uleule mpaka urudiaji ukageuka ukimya. Katika istilahi za fani tungesema takriri imekamilika kiasi cha kujifuta. Wasafiri wengi wa siku moja watakwambia walivuka mto Shanghai wakaona daraja fulani. Hawatakwambia kwamba zaidi ya nusu ya safari yao ilikuwa daraja.

Kisha mwendo unakatika. Kituo cha Shanghai Hongqiao, kilichofunguliwa Julai 2010 na kuunganishwa na uwanja wa ndege, kinamkabidhi abiria kwa treni ya chini ya ardhi, mstari namba 2, ambayo inahitaji zaidi ya nusu saa kumfikisha barabara ya Nanjing Mashariki. Umbali ni kilomita chache zinazozidi kumi na tano. Aliyetoka kula karibu kilomita 300 kwa saa moja sasa anasimama amebanwa, mlango ukifunguliwa na kufungwa katika kila stesheni, na subira yake inajaribiwa na umbali ambao kwenye dirisha la asubuhi ulikuwa wa dakika tatu. Wengi huihesabu sehemu hii kuwa hasara. Mimi naiona kuwa kiungo cha lazima, kwa kuwa bila kubadilisha mwendo hapa msafiri angetokea kando ya mto akiwa bado na macho ya treni, macho ya kudaka na kuacha, na angelidaka jiji lote kwa picha tano za simu.

Waitan, ule ukingo wa magharibi wa mto Huangpu, nitaipitia kwa ufupi, maana umbo lake linajieleza lenyewe na limesifiwa vya kutosha. Upande mmoja ni safu ya majengo ya mawe: benki yenye kuba iliyokamilika 1923, jengo la forodha la 1927 lenye mnara wa saa iliyotengenezwa Uingereza, hoteli ya 1929 yenye paa la shaba la kijani. Upande wa pili, Pudong, ambako ujenzi mkubwa ulianza baada ya uamuzi wa serikali wa 1990, ni mnara wa Oriental Pearl wenye mita 468, kisha Jin Mao wa 1999, kisha jengo la World Financial Center la 2008 lenye mita 492, na juu ya yote Shanghai Tower wenye mita 632. Mto wa takriban mita 400 unazitenga. Ni ubeti wa mstari mmoja wenye vipande viwili, na mto ndio pumziko katikati: kipande cha kwanza kizito, cha mlalo, kila jengo likishika bega la jirani yake, cha pili cha wima, kila mnara ukijitenga. Kwa msafiri wa haraka thamani yake iko katika ubanaji huo. Miongo kadhaa ya historia ya mtaji, ule wa mabenki ya kigeni na ule wa dola, inasomeka kwa kugeuza shingo. Hakuna sehemu nyingine ya matini inayotoa mengi kwa dakika chache namna hiyo, na ndiyo sababu si sehemu iliyo bora. Inajitoa upesi mno. Haimdai msomaji kitu.

Bustani ya Yuyuan inamdai. Mwendo wa miguu kutoka mtoni hadi mji wa zamani si mrefu, lakini ni mpito kutoka fani moja hadi nyingine iliyo kinyume chake. Pan Yunduan, ofisa wa enzi ya Ming, alianza kuijenga 1559 kwa ajili ya baba yake na kuikamilisha baada ya miaka kumi na minane, 1577. Eneo lake leo ni la hekta mbili hivi. Mtu akipewa mstari ulionyooka anazimaliza hekta mbili kwa dakika chache. Kazi yote ya mtunzi wa bustani ni kuhakikisha mstari huo haupatikani. Njia inaingia kwenye ukumbi, inazunguka dimbwi, inapenya chini ya jabali, inaishia kwenye ukuta wenye tundu la duara, na ndani ya tundu hilo kuna mandhari ambayo mtazamaji atahitaji kona tatu nyingine kuifikia. Ji Cheng, aliyeandika kitabu cha Yuanye mwanzoni mwa miaka ya 1630, alizungumzia mbinu ya kuazima mandhari: kuipangilia bustani ili mlima au mnara ulio nje ya ukuta uingie ndani ya picha kana kwamba ni mali yake. Siku hizi bustani hii inaazima, bila ya hiari yake, kilele cha Shanghai Tower juu ya paa za vigae, na sioni kwamba fani imevunjika kwa hilo. Mbinu ni ileile. Kilichobadilika ni jirani.

Nje ya lango, juu ya dimbwi lenye nyumba ya chai ya Huxinting, kuna daraja la kona tisa. Linafaa kutazamwa sambamba na daraja la asubuhi, na kwa maoni yangu ulinganifu huo ndio uti wa mgongo wa siku nzima. Daraja la asubuhi lina kilomita 164.8 na halina kona ya kuhisika. Hili lina hatua chache na halina sehemu inayonyooka. Lile limejengwa ili asiwepo mtu wa kulikumbuka. Hili limejengwa ili kila hatua ikumbukwe, maana katika kila pembe mwili unageuzwa na macho yanalazimika kupokea upande mwingine: maji, samaki wekundu, ukingo wa paa, umati, tena maji. Masimulizi ya kienyeji yanasema pepo wabaya huenda mbele moja kwa moja na hawawezi kupiga kona. Sihitaji imani hiyo ili nione kazi ya kona. Kwa lugha ya wanasimulizi, daraja la asubuhi linafupisha wakati-matini chini ya wakati wa tukio, na daraja la alasiri linarefusha wakati-matini kupita tukio lenyewe. Safari iliyo na moja tu kati ya mawili hayo isingekuwa na mapigo.

Ndani ya bustani ningemshauri msomaji asijaribu kuona yote, kwa sababu kujaribu huko ndiko kunakoiharibu. Asimame mbele ya Yulinglong, jiwe lenye urefu wa mita tatu na kidogo lililotobolewa na maji pande zote. Sifa yake ya jadi ni kwamba ubani ukiwashwa chini yake moshi hutoka katika kila tundu, na maji yakimiminwa juu yake hutiririka kupitia kila tundu. Hakuna ubani unaowashwa kwa ajili ya mgeni, na si lazima. Kinachotosha ni kulifuata tundu moja kwa jicho: linaingia, linapinda, linapotelea kwenye kivuli, na mwanga wa kutokea upande wa nyuma unaonyesha kwamba limefunguka kwingine, chini kidogo, kwenye tundu ambalo mtazamaji alidhani halihusiani nalo. Wapenzi wa mawe haya wa zamani waliyasifu kwa wembamba, kwa uwazi, kwa mikunjo; nami naongeza kwamba jiwe hili linafundisha namna kitu kidogo kinavyoweza kuwa na ndani kubwa kuliko nje yake. Msafiri wa siku moja anaihitaji fikra hiyo kuliko mtu yeyote.

Somo hilohilo liko mdomoni, hatua chache kutoka hapo, ambako vijaluba vya unga vyenye supu, xiaolongbao, vinauzwa vikiwa kwenye vikapu vya mianzi. Siri yake ni ya kiufundi: mchuzi mzito wa ngozi na mifupa hupoozwa mpaka ukaganda, hukatwakatwa na kuchanganywa na nyama, hufungwa ndani ya unga uliosukumwa ukawa mwembamba, na mvuke unapopanda ule mgando unarudi kuwa supu. Aliye na haraka anakitia mdomoni chote na kuungua ulimi. Lazima akiinue kwa uangalifu kisipasuke, akiweke kwenye kijiko, atoboe ubavu kwa meno, aachie mvuke, afyonze, ndipo ale. Hatua hizo hazirukiki wala haziharakishwi, na treni ya jioni haiwezi kuzifuta. Nakiita kipengele hiki kizuia-mwendo, na ninakithamini kwa kuwa hakitegemei wema wa msomaji; umbo lenyewe linamsimamisha.

Kuna mengi yaliyodondoshwa: mitaa yenye miti ya ule uliokuwa mtaa wa Wafaransa, makumbusho ya uwanja wa Umma, Suzhou Creek, Pudong yenyewe kwa miguu. Mhakiki mwaminifu hadai kwamba mapengo hayo ni madogo. Anauliza kama yanashika nafasi kama lile pengo la herufi E, yaani kama yaliyobaki yanasomeka kwa uwazi zaidi kwa sababu yao. Siku yenye mto, bustani na kikapu cha xiaolongbao inasomeka. Siku iliyotiwa makumbusho kati ya mto na bustani, na duka kati ya bustani na chakula, inabaki orodha, na nimewaona wasafiri wakirudi na orodha za namna hiyo wakiwa hawawezi kusimulia kipengele hata kimoja kwa sentensi tatu.

Sehemu ya kurudi ina ustadi wake. Mstari namba 10 unakwenda moja kwa moja kutoka Yuyuan hadi kituo cha Hongqiao, hivyo njia ya kutokea si njia ya kuingilia, na matini inaepuka kurudi juu ya nyayo zake. Kisha viti: treni inapofika mwisho wa njia wahudumu hugeuza kila safu nusu duara, ili abiria wa kurudi nao watazame mbele. Msafiri anayerudi Nanjing hasogezwi kinyumenyume kutoka Shanghai; anapelekwa Nanjing kwa uso uleule aliokwenda nao Shanghai, na reli ileile inapata kuwa sentensi mpya. Kasoro halisi ya umbo iko kabla ya hapo, katika ile saa ya tahadhari ambayo geti linalofungwa mapema linamlazimisha kila mtu aitenge. Saa hiyo haina maudhui. Inaliwa kwenye ukumbi wa kusubiria, na hakuna mbinu ninayoijua ya kuirudisha mjini bila kuhatarisha tamati.

Wapo watakaoitibu kasoro hiyo kwa kupindua mpangilio: bustani asubuhi lango likifunguliwa, Waitan jioni taa zikiwaka, ili siku ifike kilele kabla ya geti. Nauelewa mvuto wa pendekezo hilo, na ni kweli kwamba bustani hufungwa alasiri wakati mto haufungwi. Hata hivyo nalikataa. Anayeingia Yuyuan moja kwa moja kutoka kwenye treni huivuka bustani kwa mwendo wa reli, na kona zake zinamkera. Anayeingia akiwa ameshausoma mto na kuuona upesi wake anakuja akiwa tayari kucheleweshwa. Taa za Waitan ni nzuri, lakini kuziweka mwishoni ni kuimaliza siku kwa kipande ambacho hakimdai msomaji kitu, na kuipa bustani dakika za mtu ambaye macho yake bado yako kwenye dirisha la treni.